Mkia wa Wimbo

Siku hizi nasikia watu wanapelekana mahakamani kwa sababu ya wimbo uliomo ndani ya simu. Mjukuu wangu ndiye anayenisomea habari hizo. Anasema kuna kampuni zinazofunga michezo ya kompyuta kwa kufuli mpaka ulipe, na kuna vijana wanaozivunja kufuli hizo na kugawa bure, na kila upande unaapa kwamba haki iko kwake. Juzi akaniambia, "Bibi, nikinakili hakipotei kitu. Mwenyewe bado anacho chake." Nikamtupia jicho mpaka akaacha kutafuna. Maneno hayo hayo niliyasikia Rumonge, kwetu Burundi, mwaka wa uhuru, na aliyeyasema hakuwa na simu. Alikuwa na mashine kubwa kama sanduku la bibi harusi, na mama yangu nusura amrarue shati.

Mama aliuza mawese sokoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mikono yake. Kazi ya mdomo wake ilikuwa kutunga nyimbo za harusi. Sisi wa mtaa wa Waswahili, wengine babu zao walitoka Kongo, wengine Tanganyika, wengine Warundi wa hapo hapo waliosilimu, hatukuwa tunaozesha bila ngoma ya wanawake. Na ngoma hiyo ilikuwa na malkia wake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kiume, na ilikuwa na sheria zake.

Sheria kubwa ilikuwa hii: wimbo una mwenyewe. Ukitaka kuuimba kwenye harusi ya mwanao, hukurupuki tu. Unakwenda kwa mtunzi mchana, umebeba sukari kwenye sahani, umeifunika kitambaa safi. Mnaongea kwanza habari za watoto na bei ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, halafu ndipo unasema, "Nimekuja kuomba wimbo." Mtunzi akiridhika anaonja ile sukari kwa ncha ya kidole na kukujibu, "Chukua, uimbe, lakini mkia usiukate." Asipoionja, beba sahani yako urudi kwenu.

Mkia ulikuwa ubeti wa mwisho. Humo mtunzi anajitaja: jina lake, jina la baba yake, na anapokaa. Kuuimba wimbo wa mtu bila mkia wake tuliita wizi, tena wizi wa kuudhi, kwa sababu aliyeibiwa anasikia mali yake ikipita barabarani bila kumsalimu.

Basi, uhuru ukaja. Nilikuwa msichana wa kutumwa maji, lakini nakumbuka mtaa mzima ulivyonuka pilau. Mama akatunga wimbo wa kuwaita ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waje tusherehekee wote. Kiitikio chake kilikuwa hivi:

Njooni wa Uvira, njooni wa Kigoma,
ziwa halina kufuli, maji hayana mlango,
nyumba imepata mwenyewe, njooni tule pamoja.

Wanawake waliupiga uani kwa malkia mpaka vumbi likapanda. Na pembeni, karibu na vyungu, alikuwa ameketi fundi wa redio na mashine yake.

Huyu fundi alikuwa kijana kutoka Uvira, upande wa Kongo, mwembamba, mchekaji, mwenye kibanda karibu na soko alimotengeneza redio na tochi. Mashine yake ilinasa sauti kwenye mkanda uliozunguka kwenye gurudumu. Hakuna mwingine Rumonge aliyekuwa nayo. Tulimwona kama mchezaji tu, tukampa pilau, akala.

Kesho yake mama anapita na debe lake la mawese kichwani, anasikia sauti yake mwenyewe inatoka kibandani. Watu wamejaa: madereva wa njia ya Bujumbura, wavuvi, wanunuzi wa ndagala. Mama akasimama, akatabasamu, akangoja mkia. Ubeti wa mwisho ukakaribia, ikasikika anavuta pumzi ili ajitaje, halafu krrr, kimya. Fundi akaurudisha mkanda mwanzo.

Weee! Mama alitua debe chini.

"Mkia wangu uko wapi?"

"Mama, mkanda uliisha," fundi akasema huku anacheka.

"Uongo! Umeukata na wembe. Mwizi mkubwa wewe!"

"Sasa nimeiba nini? Wimbo si uko mdomoni mwako? Uimbe tuone kama umepotea. Mimi nimenasa hewa tu. Hewa haina mwenyewe. Mashine yangu, mkanda wangu, mawe ya kuiwashia nimenunua mimi."

Ndipo mama alipomshika shati.

Kesi ilisikilizwa kwa malkia, uani, wanawake wamekaa mkekani, fundi peke yake kwenye kigoda. Lo, palichimbika! Wapo waliomtetea. Shangazi mmoja, mke wa mvuvi, alisema wimbo usiotembea hufa, na kama kijana huyu anaupeleka mbali kuliko miguu yetu, tumshukuru. Mwingine akasema sukari iliwekwa kwa ajili ya midomo, haikuwekwa kwa ajili ya mashine, kwa hiyo fundi hana kosa. Mama akasimama. Alikuwa mfupi, lakini akisimama akiwa na hasira ulidhani yuko juu ya kiti.

"Sijasema asiupige," akasema. "Aupige mpaka masikio yawaume. Sauti sikuibiwa, kweli, ninayo. Lakini mtu anayesikiliza pale anaondoka bila kujua ni nani aliyekesha anautafuta ule wimbo. Anadhani umeota kwenye sanduku la huyu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!"

Malkia akatoa hukumu. Fundi aende akalete sukari kama watu wengine. Aufute mkanda usio na mkia. Anase wimbo upya, na mkia wake mzima, na asiupige tena kwa namna nyingine.

Fundi akaleta sukari. Mama akaonja, tena akachukua muda wake kuonja. Wakaenda kibandani wakanasa upya, mama peke yake bila ngoma, na mimi nimesimama mlangoni kufukuza kelele za mtaa. Na mama, kwa kiburi cha ushindi, akaurefusha mkia. Alijitaja, akamtaja baba yake na babu yake, halafu akaongeza: nyumba ya nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, ulizeni kwa muuza mawese, hamtapotea. Fundi akasema, "Mama, ungeacha hata kidogo kwa siri." Mama akamwambia azungushe mashine yake, asimfundishe kazi.

Kwa miaka kumi wimbo ule ulilia kibandani na mkia wake. Madereva wa Bujumbura walishuka hapo makusudi. Wengine walikuja mpaka mlango wa kijani kununua mawese kwa sababu tu mkanda uliwaelekeza, na mama alijitia kuchoka na wageni, lakini nilimjua, alikuwa anafurahi mpaka kisogoni. Na kila asubuhi akipita na debe lake alipaza sauti:

"Mwizi, umeamkaje?"

Na fundi bila kuinua kichwa kwenye waya zake alijibu, "Salama, mwenye mali."

Hawakuwahi kuitana kwa namna nyingine. Ndiyo ulikuwa urafiki wao, kama ulikuwa urafiki. Mimi niliolewa, nikazaa, bado wakaitana hivyo.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Warundi wanauita ikiza, na mimi sitafuti neno jingine. Kwanza kulikuwa na watu waliokuja kuua, na ikasemwa wengi wao walivuka ziwa kwa mitumbwi. Walipokwisha kuua, wakaja askari na malori yao kutoka Bujumbura, na kuua kukaanza upya kwa upande mwingine. Wanaume waliitwa asubuhi kwenda kuulizwa maneno mawili tu, na jioni wake zao walipika bugali ambao haukuliwa. Mawese yakakosa mnunuzi. Soko likawa mahali pa mbuzi. Sisi tunaosema Kiswahili tulitazamwa mara mbili, kwa sababu waliovuka ziwa nao ilisemekana waliongea Kiswahili. Kila mtu mwenye ndugu ng'ambo aliacha kumtaja.

Asubuhi moja malkia akaja kwetu. Yule mwenye sauti ya kiume alikuwa ananong'ona.

"Wanaulizia wimbo," akamwambia mama. "Kuna mtu kapigwa, akasema Rumonge kuna wimbo unaita watu wa ng'ambo waje. Wanamtaka aliyeita. Jina lako bado halijatajwa. Hawa askari ni wageni, hawakujui. Lakini ule mkanda, dada yangu..."

Mama alikaa chini palepale. Mtu wa mtaa hangemtaja, alikuwa na imani hiyo. Lakini mkanda ungemtaja. Ungemtaja yeye na baba yake na babu yake, na ungewaleta askari mpaka mlango wa kijani. Ulimi uliponza kichwa, wazee walisema, na wa mama ulikuwa umejiponza kwa kurefusha.

"Nakwenda kuchukua sauti yangu," akasema.

Nikamfuata, mtoto mgongoni. Nilimwambia mwanamke mwenye mtoto hawamsimamishi sana. Ukweli ni kwamba miguu yangu ilikataa kubaki.

Fundi alikuwa amefungua kibanda nusu. Alituona, akaangalia barabara kwanza.

"Mwenye mali," akasema taratibu, "leo ungekaa ndani."

"Nipe ule mkanda."

"Leo ndio unataka mkia ukatwe?"

"Usinitanie! Nitakuzaba kofi, na umri wako huo. Nipe!"

Alikwisha kuutoa kwenye mashine kabla hatujafika. Ulikuwa mkononi mwake. Mezani palikuwa na redio kuukuu iliyofunguliwa mgongo, matumbo yake yote nje. Fundi akauingiza mkanda ndani ya lile ganda, akaanza kukaza skurubu. Alikuwa kwenye ya mwisho lori liliposimama mlangoni.

Waliingia watatu. Mkubwa wao alikuwa kijana, safi, amenyoa ndevu vizuri, na hilo lilinitisha kuliko bunduki. Akatusalimia amahoro, tukaitikia. Kisha akamwambia fundi kwa Kirundi kwamba anataka kuusikia ule wimbo wa ziwa. Asiseme haupo, maana dereva mmoja amewaambia aliusikia hapa mwenyewe.

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. Mimi nikasema moyoni, basi, atasema umeungua, watapekua, watafungua ile redio, tumekwisha. Badala yake akainama chini ya meza, akatoa gurudumu jingine lenye vumbi, akalipachika kwenye mashine. Sikuelewa. Mkanda ulikuwa mmoja! Tangu ile kesi ulikuwa mmoja!

Akabonyeza. Ngoma ikalia.

Nikaijua ngoma ile. Ilikuwa ngoma ya uani kwa malkia, siku ya pilau. Mkanda wa kwanza. Ule alioamriwa aufute, na akaapa mbele ya wanawake wote kwamba ameufuta. Mwizi huyu miaka kumi alikuwa ameuficha chini ya meza!

Lakini sauti inayoongoza ilikuwa ya mama. Imejaa kibanda kizima, changa, yenye furaha, na mwenyewe amesimama hatua chache kutoka hapo na shuka kichwani. Njooni wa Uvira, njooni wa Kigoma. Mkubwa wa askari aliinamisha kichwa kusikiliza. Mtoto wangu mgongoni aliijua sauti ya bibi yake, akaanza kurusha miguu na kucheka, akamnyooshea mkono. Nikageuka haraka ili yeye aelekee ukutani.

Ubeti wa pili. Wa tatu. Nilikuwa nasikiliza kwa meno. Kumbuka, fundi siku zote alidai hakukata, mkanda uliisha wenyewe, na mama siku zote alidai amekata. Hatukuwa tumewahi kupata uhakika. Na kama baadaye alijuta, akauunga ule mkia? Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Ubeti wa mwisho ukafika. Ikasikika anavuta pumzi.

Krrr.

Gurudumu likazunguka tupu.

"Unaishia hapo?" mkubwa akauliza.

"Unaishia hapo, shefu."

"Nani aliutunga?"

Wallahi angeweza kusema hajui. Nimefikiri sana juu ya hilo. Lakini angesema hajui wangetafuta, na kutafuta kwao tulikujua: wangeshika wanawake mmoja mmoja mpaka mmoja aseme. Fundi alijua hivyo kabla yetu. Nadhani aliamua alipokuwa anakaza skurubu.

"Mimi," akasema.

"Wanaoimba ni wanawake."

"Wanawake waliimba tu, walikuwa wapita njia waliotoka kwetu Uvira. Maneno ni yangu. Mashine yangu, mkanda wangu. Kila kitu hapa ni changu."

Mkubwa akamgeukia mama. "Wewe mama, unafanya nini hapa?"

Mungu wangu, nilimwomba Mungu amfunge mdomo. Sauti yake ilikuwa bado inaning'inia kibandani, na sasa aifungue tena mbele yao!

"Amekuja kuchukua redio yake," fundi akasema.

"Nimemuuliza yeye. Unamjua mwenye huu wimbo?"

Mama alimtazama fundi. Fundi akamtazama mama na kutikisa kichwa kidogo tu, namna anavyofanya mtu anapokataa kuongezwa chakula. Mama alikohoa, akaitoa sauti kutoka kooni kabisa, nzito, ya kizee, ambayo sikuijua.

"Iko yake," akasema.

Maneno mawili. Yule mwanamke aliyemshika mtu shati kwa ajili ya wimbo huo.

Wakamfunga mikono. Kabla hawajamtoa aliomba ruhusa amkabidhi mteja kitu chake, na mkubwa akaruhusu kwa kidevu. Fundi akaisukuma ile redio kuukuu mezani kwa mikono yote miwili iliyofungwa.

"Chukua, mama. Imepona."

Nyumbani hatukuwahi kuwa na redio. Mama akaibeba kichwani kama anavyobeba debe, tukatembea bila kukimbia mpaka mlango wa kijani. Lori likatupita njiani. Mama hakugeuza shingo, lakini midomo yake ilikuwa inatembea, na nilisikia anachosema. Alikuwa anasema, "Mwizi. Mwizi. Mwizi." Machozi yakamchuruzika mpaka kidevuni, na mikono yote miwili iko kwenye redio, hakuna wa kumfuta.

Mkanda tuliuchoma jikoni. Ulinuka vibaya. Fundi hakurudi, wala hakuna aliyeonyeshwa alipolala. Wiki hazikupita nyingi tukavuka ziwa, mimi, mama, mtoto na mume wangu, mpaka Kigoma, na huko ndiko nilikozeekea.

Kigoma mama aliacha kutunga. Lakini watu wa Rumonge tulikuwa wengi huko, na harusi hazingoji majonzi yaishe. Siku moja akaja binti na sahani ya sukari, imefunikwa kitambaa, kuomba wimbo wa ziwa. Mama hakuionja. Nikadhani amekataa. Akamwambia, "Binti yangu, mimi si mwenyewe. Lakini naujua, nitauimba nikiwa hai."

Akaenda kwenye ile harusi, akaimba. Alipofika ubeti wa mwisho akavuta pumzi, na watu wa Rumonge wote waliokuwepo wakanyamaza, maana mkia wake waliujua kwa moyo: jina, baba, babu, msikiti, mlango wa kijani. Mama akataja jina la fundi. Halafu akafungua mdomo amtaje baba yake, akabaki hivyo. Hakumjua. Miaka kumi ya mwizi na mwenye mali, hatukuwahi kumuuliza ni mtoto wa nani. Akasema "wa Uvira," akakaa chini.

Aliuimba hivyo mpaka alipokufa, na mimi ndiye ninayeuimba sasa. Mjukuu wangu anataka kuunasa kwa simu yake auweke huko wanakoweka. Nimemwambia auweke, bure kabisa, kila mtu achukue, sitaki sukari ya mtu. Ila mkia asiukate. Na kama kuna mtu Uvira ambaye ndugu yake alikuwa mwembamba, mchekaji, akaondoka na mashine ya kunasa sauti kwenda kutafuta maisha Rumonge, asirudi, aje aniambie baba yao aliitwa nani.